Zulia Lisilotakata

Asubuhi ile niliposikia mpira wa maji unaburutwa uani, nilijua tumerudi kulekule. Nikajivutia blanketi mpaka usoni. Mwanangu Reyhane alikuwa bado amelala ubavuni kwangu, na mume wangu Habib alikuwa ameshakwenda dukani kwake, kwa hiyo hapakuwa na wa kunitetea.

“Sudabe! Sudabe mwanangu, jua hilo limetoka. Tulitoe lile zulia kabla upepo haujaleta vumbi.”

“Zulia gani, mama?”

“Usijitie hujui.”

Nilijua, bila shaka. Nyumba ya mama mkwe wangu, Bi Esmat, ina mazulia kila chumba, kama nyumba yoyote ya mji wetu wa Kashan, lakini lililokuwa likituua ni moja tu, la sebuleni. Uwanja wake ni mweupe wa maziwa, katikati lina ua kubwa jekundu, na pindo lake jekundu pande zote. Alilifuma mwenyewe alipokuwa msichana, nyumbani kwa baba yake, na siku ya kuolewa aliingia nalo mlango huuhuu. Juu yake tunakula, juu yake tunaswali, na wageni tunawalaza hapohapo. Na tangu msimu wa makomamanga tulikuwa tunalifua. Sisemi kulipangusa wala kulifagia. Kulifua, zima, uani, kwa maji yanayotiririka, na likikauka tunalifua tena.

Doa halikuwapo. Hilo ndilo lililonichosha kuliko yote. Madoa nayajua mimi. Chai ikimwagika unaiwahi kwa kitambaa kikavu, husugui, kisha maji baridi na siki kidogo. Mafuta ya mchuzi unayanyunyizia unga, unauacha uyanywe, unakuja kuufagia kesho yake. Nta ya mshumaa unaiwekea barafu mpaka ivunjike yenyewe. Komamanga ni mtihani, lakini nalo linatoka ukiwa na subira. Doa ninaloliona kwa macho halijanishinda hata siku moja. Hili letu lilikuwa halionekani, halinuki, na hakuna aliyejua liko wapi.

Wanasema mimi ndiye niliyeanzisha. Mtoto alikuwa na vipele vya nepi, nikamwacha matako wazi apate hewa, akatambaa sebuleni, akakojoa. Mimi nimezaliwa Rasht, kaskazini huko, ambako mvua haijui kunyamaza. Kwetu mtoto akikojoa unamwaga maji, unakausha, unaendelea na maisha yako. Nikachukua kitambaa kibichi nikapangusa, nikambeba mtoto, nikarudi kuangalia wali wangu. Kumbe kwa watu kama Bi Esmat jambo la kwanza ni kutia alama. Unaweka bakuli, unaweka kiatu, chochote kile, pale palipolowa, ili pajulikane. Na kitambaa kibichi hupitishi kamwe, maana kinaichukua najisi ya mahali pamoja na kuitembeza. Alipomaliza kuswali chumbani kwake akanijia jikoni kuuliza ni wapi. Nikaenda kumwonyesha, nikakuta pameshakauka.

“Hapa,” nikasema. “Au hapa.”

“Hapa au hapa?”

“Karibu na ua, mama. Upande wa dirisha. Nafikiri.”

“Anafikiri!” Akajishika kichwa. “Ya Abulfadhl! Nyie watu wa mvua, kila kitu kwenu kimelowa, mtajuaje kilicholowa na kisicholowa?”

Tulicheka siku ile, yeye na mimi. Kisha tukalifua zulia lote, kwa kuwa mahali penyewe hapakujulikana, na mimi nikadhani yamekwisha.

Hayakwisha. Zulia lilipokauka alikumbuka kwamba mkunjo wa pembeni haukupata maji vizuri. Tukalifua. Kisha akakumbuka kwamba yale maji ya kwanza yalimrukia kwenye sketi, na sketi hiyohiyo ndiyo aliyoivaa wakati wa kuliviringisha. Tukalifua, na sketi, na kamba tuliyolianikia. Wasiwasi wa twahara alikuwa nao tangu zamani, Habib aliniambia mapema, lakini ulikuwa wa mikono tu. Baba mkwe alipofariki ukazidi. Sasa ukashuka sakafuni, ukaanza kutambaa pamoja na mtoto. Komeo la mlango likatiliwa shaka, na swichi ya taa, na ufagio. Mikono ya Bi Esmat ilipasuka kwa maji na baridi mpaka ikawa inatoka damu kwenye viungo, na damu nayo ni najisi, basi akawa anaiosha zaidi.

Na Bi Esmat akaacha kumbeba mtoto.

Hayo mengine yote ningeyavumilia, hili sikuliweza. Reyhane alipokuwa mchanga, amefungwa kwenye vitambaa vyake, bibi yake alimpakata kutwa. Alipoanza kutambaa na kukojoa hovyo, basi tena. Mtoto akimwendea, Bi Esmat anainuka, anakusanya sketi, anahamia pembe nyingine ya chumba, na kutoka huko anamwita kwa majina yote matamu ya dunia. “Ini langu! Pumzi ya bibi yake! Njoo, usije, kaa hapohapo!” Mtoto atajua wapi maana ya njoo usije? Anakwenda, anakimbiwa, anakaa chini analia. Mama yangu mzazi alikufa kabla sijaolewa, kwa hiyo mwanangu ana bibi mmoja tu, na bibi huyo alikuwa akimkimbia. Nilitaka ambebe. Sikutaka kitu kingine kutoka kwake, si sifa wala shukrani. Na yeye alitaka vilevile, nilimwona alivyokuwa akimtazama, na ndiyo maana sikuweza hata kumchukia kwa raha.

Basi asubuhi ile nikaamka. Nikamfunga mtoto kwenye kiti chake pale barazani, tukaliburuta zulia uani, tukalilaza kifudifudi, tukalikung'uta mgongo kwa fimbo, ingawa vumbi lenyewe lingetoka wapi. Tukaligeuza, nikafungua maji. Zulia likilowa linakuwa zito kama maiti, halina pa kulishikia. Bi Touran, jirani yetu, akachungulia juu ya ukuta, kitambaa chake cha kichwa kimekaa upande.

“Jamani, mnafuga samaki humo?”

“Tunafuga nyangumi, Bi Touran. Karibu uogelee.”

“Maji yenyewe yanakatika kila siku, nyie mnaogesha mazulia!”

“Mwache,” Bi Esmat akaniambia kwa sauti ya chini, na nikaona masikio yake yamekuwa mekundu. Alikuwa anaona haya. Lakini haya haikumzuia kwenda jikoni, na aliporudi alikuwa amebeba sufuria la maji yanayofuka moshi, na ndani yake ametia magadi.

“Mama, hayo ya moto ni ya nini?”

“Baridi haichukui. Baridi inateleza juu juu tu.”

“Mama, nyekundu itachuja.”

“Zulia nimelifuma mimi, sufi nimeitia rangi na mama yangu, wewe unanifundisha mimi nyekundu?”

Akamwaga. Mimi nilikuwa nimechoka kiasi kwamba sikusogea hata kumshika mkono. Kwa muda kidogo halikutokea kitu, povu tu. Kisha povu likaanza kuwa la waridi. Nikayasukuma maji kwa ubao wangu wa kukamulia, na chini ya ubao nikaona ule uwanja mweupe, karibu na ua, unakunywa wekundu taratibu. Nikapiga kelele, nikamwaga maji baridi, nikakimbilia chupa ya siki, nikaimimina yote. Sehemu ilirudi. Sehemu haikurudi. Pakabaki wingu la waridi, pana kuliko sinia ya wali.

Sasa tulikuwa na doa.

Bi Esmat alikaa kwenye ngazi ya baraza na sufuria tupu miguuni. Hakulia. Alikuwa anazitazama zile nyuzi kama mtu anayetafuta jina la mtu aliyemjua.

“Nimeliua,” akasema. “Mikono yangu imelifuma, mikono yangu imeliua.”

Ningepaswa kusema, si nilikwambia. Neno lenyewe lilikuwa tayari mdomoni. Lakini nilimwonea huruma, nikachukua taulo nikamwendea nimkaushe ile mikono.

“Usiniguse,” akasema. “Nimelowa.”

Habib aliporudi mchana hakukuta chakula. Alimkuta mama yake bado yuko kwenye ngazi. Mume wangu ni mpole kupita kiasi, na nyumbani kukianza mvutano hukumbuka kuna kitu amekisahau dukani. Siku ile hakukumbuka chochote. Alivua koti, akakaa karibu na mama yake, akatoa simu.

“Unampigia nani?” mama yake akauliza.

“Qom. Kule ofisini wanakojibu maswali ya dini.”

“Kuuliza nini? Sheria naijua mimi.”

“Wewe unaijua, mama. Mimi ndiye siijui. Najiulizia mwenyewe.”

Akaiweka kwenye sauti ya nje, sote tusikie. Aliyepokea alikuwa sheikh kijana, amebanwa na mafua, anapenga katikati ya maneno. Habib akaanza kwa adabu zetu zote, hali yako sheikh, Mungu akupe nguvu, samahani kwa usumbufu, sisi vumbi la miguu yenu, mpaka Bi Esmat akaichukua ile simu kwa ncha ya mtandio wake.

“Sheikh, mtoto alikojoa kwenye zulia na mahali hapajulikani.”

“Mmelifua?”

“Tumelifua.”

“Basi limetakata.”

“Lakini sheikh, yale maji ya kwanza yaliporuka…”

“Mama, mmelifua mara ngapi?”

Habib akaangalia viatu vyake. Mtoto akagonga kijiko kwenye kiti.

“Sheikh,” Bi Esmat akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, “sijui.”

Yule kijana akapenga. Aliporudi hakuwa tena na haraka.

“Nisikilize, mama yangu. Mtu mwenye wasiwasi, yakini yake haihesabiwi. Hata ukiniapia kwamba umeona najisi kwa macho yako mwenyewe, wewe si shahidi tena. Kazi hiyo umevuliwa. Umestaafu, kuanzia leo. Nani mwingine yuko hapo nyumbani?”

“Mwanangu, lakini kutwa hayupo. Na mke wake.”

“Mke wake ni mkweli?”

Bi Esmat akageuka akanitazama. Nilikuwa nimesimama na ndoo mkononi, nywele zimenilowa, suruali imenilowa mpaka magotini. Nilijua kila kitu kinapita mbele ya macho yake, wali niliouunguza, vyombo vilivyolala bila kuoshwa, kitambaa kibichi.

“Mvivu kidogo,” akasema. “Lakini mkweli. Hilo siwezi kumnyima.”

“Basi yeye akisema safi, ni safi. Akisema si safi, yamwagwe maji mara moja, yeye aseme yametosha, yawe yametosha. Wewe usiongeze hata tone. Ukiongeza, dhambi ni yako. Usipoongeza, kama kuna dhambi, naibeba mimi.”

“Utaibeba wewe?”

“Naibeba.”

“Na mafua hayo?”

“Na mafua haya, mama.”

Habib alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi pia. Nilidhani nimepata kupumzika, kumbe nilikuwa nimepata kazi.

“Sudabe, komeo hili safi?” “Safi, mama.” “Na taulo?” “Safi.” “Mtoto kapita hapa, umeona? Safi?” Nikiwa nakata vitunguu. Nikiwa chooni, anauliza nyuma ya mlango. Nikiwa nanyonyesha na usingizi unanichukua. Mwanzoni nilijibu kwa moyo, halafu nikajibu kwa mazoea, hadi siku moja akaniuliza kuhusu birika la chai, nikasema safi huku nimempa mgongo.

“Hujaangalia.”

“Nimesema safi, mama.”

“Umesema. Hujaangalia.”

Hakunigombeza. Alilichukua birika akaondoka nalo, na punde nikasikia bomba la uani linalia. Bomba letu likifunguliwa linapiga filimbi, nyumba nzima inasikia. Nikakaa nikalisikiliza. Halafu siku ile yote nikawa natega sikio, na nikagundua kwamba kila nilichokiita safi kilipelekwa bombani. Taulo, komeo kwa kitambaa, hata kijiko cha mtoto. Alikuwa anaamini nasema ili anyamaze tu. Ningemkasirikia vipi, wakati ndivyo nilivyokuwa nimeanza kufanya?

Kuanzia hapo nikawa naangalia. Kila mara. Anauliza, naacha ninachokifanya, nainuka, nainama, nagusa, nanusa, ndipo nasema. Magoti yaliniuma. Nilichoka uchovu ambao ukilala unaamka nao. Habib aliniona ninavyoinuka katikati ya chakula kwenda kukagua zulia la ukumbini, akaniambia kwa upole wake ule, “Si useme tu safi, yaishe? Nani atajua?”

“Mama yako anaswali juu ya neno langu, Habib.”

“Unalichukulia zito.”

“Ni zito. Njoo ulibebe wewe.”

Akakumbuka kuna kitu amekisahau dukani.

Na bomba liliendelea kupiga filimbi. Na mtoto hakubebwa. Siku moja nilijipa ujasiri nikamwambia, mama, huyu nimemwogesha sasa hivi, nepi mpya, ni safi, mpakate kidogo tu. Alinyoosha mikono, Mungu ni shahidi aliinyoosha, kisha akairudisha kifuani.

“Komeo halikojoi, mwanangu,” akasema. “Huyu ana kisima ndani yake.”

Akatabasamu aliposema hivyo, nami nikatabasamu, na nikaenda chumbani nikalia kwenye mto ili mtoto asinione.

Mwaka mpya ukakaribia, na mji mzima ukaingia kwenye ile homa ya usafi, mapazia yanashushwa, makabati yanavutwa, watu wanagombana juu ya ngazi. Zulia tulikuwa tumempelekea Zabih, fundi wa kuosha mazulia, atuokolee. Akalirudisha yeye mwenyewe amelibeba begani, akalitandika, akalipiga kofi la kuliaga.

“Wekundu nimeupunguza,” akasema. “Uliobaki mtazeeka nao. Na hili msilinyweshe tena, Bi Esmat. Nyuzi zake zimechoka.”

“Nyuzi tu?” nikasema.

Akanitazama usoni, akaomba chai.

Wingu la waridi lilikuwa bado lipo, jepesi, kando ya ua. Hatukuliwekea meza wala mto. Bi Esmat alilipita mara ya kwanza akigeuza uso, kisha akalizoea.

Alasiri moja, siku chache kabla ya sikukuu, tulikuwa wawili sebuleni. Mimi nimetandaza kitambaa, nachambua majani ya kutia kwenye wali wa sikukuu, mikono myeusi kwa udongo. Yeye ameegemea mto ukutani, amenyoosha miguu. Tulikuwa tumeosha madirisha tangu alfajiri, na uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Reyhane alikuwa amejifunza kusimama siku zile. Akasimama kwa kushika dirisha, akaliachia, akatembea hatua za mlevi moja kwa moja kwa bibi yake, akaanguka juu ya magoti yake, akang'ang'ania sketi.

Nilisubiri Bi Esmat ainuke. Alijaribu. Aliweka kiganja chini, akajisukuma, akarudi alipokuwa.

“Sina nguvu ya kukimbia leo, Sudabe,” akasema. “Nimechoka.” Kisha akamtazama mtoto, ambaye alikuwa anapanda kama mtu anayepanda ukuta. “Ni safi?”

Niliinuka. Nilikwenda kunawa udongo, nikarudi, nikapiga magoti, nikaifungua nepi upande, nikatia kidole. Kavu.

“Safi, mama.”

Akamchukua. Kwanza kwa ncha za vidole, kisha kwa viganja vile vilivyopasuka, kisha mikono yote ikamzunguka, na mtoto akalaza shavu kifuani pake kana kwamba hajawahi kukimbiwa. Bi Esmat akafumba macho. Akaanza kuimba kwa sauti ya chini ule wimbo wa wafumaji, unaotaja rangi ipi ifuate ipi, nyekundu mbili, nyeupe ikae, nyekundu tena. Sikuwa nimeusikia tangu mtoto akiwa mchanga. Nilirudi kwenye majani yangu na sikuyaona, kwa sababu macho yalikuwa yamejaa. Niliwaza, acha dunia isimame hapa, sina haja ya kuendelea.

Nikapangusa macho, nikatazama tena, na nikaliona. Nepi imevuja. Chini ya paja la bibi, kwenye ule weupe wa zulia, palikuwa na unyevu unaotanuka. Sketi yake ilikuwa nyeusi na nzito, yeye mwenyewe hakuwa amehisi kitu. Mtoto alikuwa anasinzia.

Ningeweza kunyamaza. Ningewaachia alasiri yao, nikaja kumwaga maji baadaye akiwa chumbani, na nani angejua? Nilitaka kufanya hivyo. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka kunyamaza wakati ule. Lakini uso wangu haujui kuficha. Wimbo ukakatika.

“Nini?” akauliza. “Sudabe? Ni safi?”

Muda wa swala ulikuwa unakaribia. Angesimama hapo, na sketi hiyo, juu ya neno langu.

“Si safi, mama,” nikasema. “Amekojoa. Hapo kwenye paja lako, na kwenye zulia.”

Mwili wake wote ukakakamaa. Mtoto akateleza kidogo, akashtuka, akashika mtandio. Niliona macho ya Bi Esmat yanakwenda mlangoni, uani, bombani. Basi, nikajisemea, umempoteza kwa mdomo wako mwenyewe. Nikanyoosha mikono.

“Nipe nimchukue.”

Hakunipa.

“Umesema si safi,” akasema.

“Ndiyo, mama.”

“Ungeweza kusema safi. Nisingejua.”

“Usingejua.”

Aliutazama mlango na komeo lake, akazitazama glasi kwenye sinia, pazia, taulo lililoanikwa dirishani. Alivitazama kimoja kimoja, polepole, kama mgeni aliyeingia nyumba ya watu.

“Basi vile vingine,” akasema, “ulivyokuwa ukiinuka kuviangalia, ukarudi ukaniambia safi…”

“Vilikuwa safi.”

Machozi yakamtoka bila sauti, yakashuka mpaka kidevuni, na hakuwa na mkono wa kuyafuta. “Nilikwenda kuviosha, Sudabe. Kila kimoja.”

“Najua, mama. Bomba lina kelele.”

Akacheka na kulia kwa pamoja, na mtoto akainua kichwa kumwangalia, akaona hakuna jambo, akakilaza tena. Nilikwenda uani nikajaza kopo maji baridi. Niliporudi nilimkuta vilevile, hajasogea, amekaa kwenye unyevu, amemshika mjukuu wake. Maji ya mwisho, yale ya kutakasa, siku zote alimwaga yeye, mimi sikuwahi kuruhusiwa. Nikamnyooshea kopo.

“Mara moja tu,” nikamkumbusha.

Alilitazama lile kopo. Kisha akatazama chini, kwenye zile nywele chache za mtoto zilizolowa jasho.

“Mwaga wewe,” akasema. “Mimi nimeshika mtoto.”